Mtoto wa Zizini Aliyeshika Kalamu: Malezi ya Ranchi katika Maisha na Riwaya za Larry McMurtry

Wahenga wetu walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumeizoea hata hatuiulizi tena maswali. Lakini ni nani kati yetu asiyemjua mtoto wa mhunzi aliyekua bila kuweza kushika nyundo, au mtoto wa mvuvi aliyeiogopa bahari? Je, malezi ya watoto hao yalikwenda bure? Swali hili si la nyumba moja tu. Ni swali la utamaduni mzima, kwa sababu utamaduni ni urithi, na urithi hukabidhiwa mkono kwa mkono. Mrithi akikataa kunyosha mkono, urithi huo unakwenda wapi?

Mimi nimekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo niliitumia katika wilaya ya wafugaji. Huko nilimsikia mzee mmoja akimzungumza mwanawe aliyefaulu kwenda sekondari. Alizungumza kwa sauti ya msiba. Machoni pake kijana yule alikuwa amekwisha kupotea, maana zizi halikuwa tena na mtu wa kulishika. Huzuni ya mzee yule ilinikaa moyoni. Nimeikumbuka kila nilipovisoma vitabu vya mwandishi mmoja wa Marekani, Larry McMurtry, mwana wa wafugaji wa Texas, ambaye naye aliliacha zizi la baba yake akashika kalamu.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi malezi ya ranchi yalivyoyaumba maisha ya mwandishi huyo na riwaya zake. Nimemchagua yeye kwa sababu katika maisha yake twaweza kuona wazi jambo ambalo mara nyingi hatulioni karibu nasi: kwamba mtoto anayeondoka zizini huweza kuwa shahidi mkuu wa zizi lile, na kwamba ushahidi wa kweli ni mzigo mzito kuliko sifa.

Nchi na watu wake

Larry McMurtry alizaliwa tarehe 3 Juni, 1936, katika mji wa Wichita Falls, kaskazini ya jimbo la Texas. Ranchi ya jamaa yake ilikuwa katika wilaya ya Archer, si mbali na hapo. Nchi hiyo ni tambarare yenye upepo mwingi, mvua haba na miti michache. Mfugaji wa huko hutazama juu kutafuta mawingu na hutazama chini kupima nyasi, na katika mambo hayo mawili ndimo yalimo maisha yake yote.

Hapana budi kukumbuka kwamba nchi hiyo haikuwa tupu. Kabla ya ng'ombe wa Wazungu, tambarare hizo zilikuwa za Wakomanchi na Wakiowa, watu waliopanda farasi na kuwafuata nyati wa Marekani kwa nyama na ngozi. Vita vya Red River vya mwaka 1874 na 1875 viliwaondoa huko na kuwaweka katika maeneo waliyotengewa, na nyati nao waliuawa kwa mamilioni. Ranchi zilizofuata zilisimama juu ya nyayo za watu waliofukuzwa. McMurtry alilijua jambo hilo, na katika maandishi yake hakulificha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi na wanunuzi wachache, hali miji ya kaskazini na mashariki ilikuwa na njaa ya nyama. Ndipo ikaanza ile safari maarufu ya kuwaswaga ng'ombe kwa miguu, kundi baada ya kundi, kutoka Texas hadi vituo vya reli huko Kansas, na wengine mbali zaidi. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wapanda farasi, wale wachunga ng'ombe ambao sinema zimewafanya mashuhuri duniani kote. Si wote waliokuwa Wazungu. Miongoni mwao walikuwamo Wameksiko, ambao ndio waliokuwa walimu wa kazi hiyo, na walikuwamo watu weusi wengi waliotoka utumwani. Sinema ziliwasahau hao kwa muda mrefu.

Msomaji atashangaa akiambiwa jinsi enzi hiyo ilivyokuwa fupi. Mwaka 1874 ilitolewa hataza ya seng'enge iliyobadili mambo. Baada ya muda mfupi nchi ikazungushiwa waya, reli zikafika Texas kwenyewe, na kufikia karibu mwaka 1890 safari zile zilikuwa zimekwisha. Ni miaka ishirini na kitu tu, muda mfupi kuliko utumishi wa karani mmoja. Lakini katika miaka hiyo michache ilizaliwa hadithi ambayo Marekani nzima iliifanya kioo cha kujitazamia.

Babu na bibi wa McMurtry, waliotoka jimbo la Missouri, walifika katika wilaya ya Archer wakati enzi hiyo ikikaribia machweo. Walikaa pale kwa sababu palikuwa na chemchemi ya maji mazuri. Walizaa watoto kumi na wawili, wavulana tisa na wasichana watatu, na wavulana wote tisa walikua wakawa watu wa ng'ombe. Wale wakubwa waliwahi utotoni kuyaona makundi ya mwisho yakipita kwenda kaskazini, na picha hiyo haikuwatoka. Wengi wao walielekea sehemu ya Texas iitwayo Panhandle, penye nafasi kubwa zaidi. Jeff, baba yake Larry, aliyezaliwa mwaka 1900, alibaki kwenye ardhi ya wazazi wake.

Mtoto asiyependa ng'ombe

Katika jamaa kama hiyo mtoto wa kiume hakuulizwa atafanya kazi gani. Larry aliwekwa juu ya farasi angali mdogo sana, na akafanya kazi zote za ranchi: kuswaga, kuwapiga ndama chapa, kutengeneza ua, kulisha mifugo wakati wa baridi. Alizifanya, lakini moyo wake haukuwamo. Hata kuku na bata mzinga wa uani walimtia hofu. Ami zake walikuwa mahodari wa farasi waliovunjika mifupa mara nyingi na bado wakapanda tena. Yeye alikuwa mtoto mwembamba mwenye kusikiliza.

Na hapo penye kusikiliza ndipo pa kutazama. Jioni watu wazima walikaa barazani wakazungumza habari za farasi, ukame, bei za ng'ombe na watu waliokwisha kufa. Mtoto aliyekaa pembeni aliyapokea mazungumzo hayo kama kibuyu kinavyopokea maziwa. Hakujua kuwa anapokea urithi. Kwa macho ya ami zake urithi ulikuwa ardhi na mifugo, na kumbe ulikuwa pia lugha ile: maneno machache, mzaha mkavu, na kuyanyamazia machungu.

Nyumbani mwao hapakuwa na vitabu. Mwaka 1942 binamu yake mmoja, akiwa njiani kwenda kujiandikisha jeshini, alipita ranchini akamwachia sanduku la vitabu kumi na tisa. Larry alikuwa na umri wa miaka sita. Vilikuwa vitabu vya kawaida vya wavulana, vya visa na ushujaa, lakini kwake vilikuwa mlango. Baadaye, akiwa kijana, alikisoma kitabu cha Mhispania Cervantes cha Don Quixote, na habari za yule mzee mwenye ndoto na mtumishi wake mwenye akili za kawaida zilikaa naye mpaka uzeeni. Wakati huo jamaa yake ilikuwa imekwisha kuhamia mji mdogo wa Archer City, naye akawa mtu wa dunia mbili, mji na ranchi, bila kuwa mwenyeji kamili wa hata moja.

Baba yake ndiye mtu wa kutazamwa zaidi katika habari hii. Jeff McMurtry alikuwa mfugaji mwema, mwenye bidii na mwenye kuzipenda nyasi kama mshairi anavyoyapenda maneno. Hata hivyo maisha yake yote yalikuwa vita asivyoweza kuvishinda. Alipigana na ukame. Alipigana na mti wa miiba uitwao meskiti, ambao ni jamaa ya ule mti ambao wafugaji wa Baringo, Kenya, huuita mathenge na kuulaani kwa jinsi unavyoyameza malisho. Aliung'oa nao ukaota tena. Na zaidi ya yote alipigana na deni la benki, lililomfuata kwa miongo ya miaka. Mtoto alimwona mtu mwenye ujuzi na uaminifu akifanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku, na mwisho wa mwaka akawa pale pale alipoanzia.

Hilo ndilo somo kuu la ranchi ile. Dunia ilimwambia Larry kwamba mchunga ng'ombe ni mtu huru kuliko wote, na sinema za mjini zilimwonyesha hivyo kila Jumamosi. Nyumbani aliuona uhuru huo ukitia saini hati za mkopo. Kati ya picha ile na mtu yule palikuwa na nafasi, na riwaya zake zote kubwa ziliandikwa kutoka ndani ya nafasi hiyo.

Riwaya za mwanzo: mazishi ya ranchi

McMurtry alisoma chuo kikuu, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, mwaka 1960. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25, alitoa riwaya yake ya kwanza, Horseman, Pass By. Msimulizi wake ni kijana aitwaye Lonnie, anayeishi na babu yake, mfugaji mzee Homer Bannon. Ugonjwa wa miguu na midomo unaingia katika kundi la mzee. Serikali inaamuru ng'ombe wote wauawe, nao wanaswagwa ndani ya shimo na kupigwa risasi. Homer, aliyewajua ng'ombe wake mmoja mmoja, anasimama akitazama kazi ya miaka mingi ikimalizika kwa muda mfupi.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kufafanuliwa uchungu huo. Ugonjwa wa sotoka ulioingia katika nchi zetu miaka ya 1890 uliwaacha wafugaji wengi bila ng'ombe na bila chakula, na kumbukumbu yake ilisimuliwa vizazi kwa vizazi. Lakini tofauti ipo. Katika riwaya ya McMurtry hakuna anayetazamia kwamba kundi litarudi. Hud, mwana wa kambo wa mzee, ni mtu wa zama mpya, mkali, mwenye pupa, anayeitaka ardhi kwa faida zake tu. Anambaka Halmea, mpishi mweusi wa nyumba ile, na mwisho mzee Homer anakufa kwa mkono wake. Lonnie anaondoka. Mwandishi hasemi kama kijana huyo atarudi.

Mwaka 1963 riwaya hiyo ilifanywa sinema, Hud, iliyochezwa na Paul Newman, ikapata tuzo tatu za Oscar. Hapo ilianza bahati ya ajabu iliyomfuata mwandishi huyu. Watazamaji, hasa vijana, walimpenda Hud. Mtu aliyeandikwa ili achukiwe akawa shujaa. Naye Halmea akabadilishwa, nafasi yake ikachezwa na mwanamke wa Kizungu. Mapema kabisa McMurtry alionyeshwa jinsi hadithi ya zamani ilivyo na nguvu ya kumnyang'anya mtu maneno yake.

Riwaya ya pili, Leaving Cheyenne, ya mwaka 1963, inaeleza maisha ya watu watatu kwa zaidi ya miaka arobaini. Gid ni mfugaji anayeirithi ranchi ya baba yake pamoja na wajibu wake wote. Rafiki yake Johnny ni mchunga ng'ombe asiye na ardhi, anayetaka farasi na nafasi tu. Wote wawili wanampenda Molly, mwanamke mwenye moyo mpana kuliko wao. Mwenye kusoma kwa makini ataona kuwa Gid na Johnny ni nusu mbili za mtu mmoja: mtu wa ami zake McMurtry, aliyetaka kumiliki nchi na pia kuwa huru nayo.

Kisha mwaka 1966 ikatoka The Last Picture Show. Safari hii ranchi iko pembeni, na katikati ni mji mdogo wa Thalia, uliochorwa kwa sura ya Archer City. Nyumba ya sinema inafungwa, mzee aliyekuwa nguzo ya mji anakufa, na vijana wanabaki na upevu wa mwili bila kazi ya maana ya kuutumia. Sinema ya riwaya hiyo ilipigwa mjini Archer City kwenyewe na kuonyeshwa mwaka 1971. Wenyeji wengi walichukizwa kwa kuanikwa hadharani. Lakini mwandishi alikuwa ameitoa riwaya ile wakfu kwa mji wake. Hilo halikuwa kejeli tupu. Mtu haandiki kwa ukali namna ile juu ya mahali asipopajali.

Ukali huo ulimwingia yeye mwenyewe. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha insha kiitwacho In a Narrow Grave, na insha yake ya mwisho ni buriani kwa ami zake. Anawaeleza wakikutana mara kwa mara, wazee waliopinda mifupa kwa kuanguka na farasi, wakila na kucheka pamoja. Anawastahi bila kuwadanganya. Anajua kuwa waliwakandamiza wake zao, kwamba walimwona yeye kuwa mtu wa ajabu, na kwamba mungu wao alikuwa farasi na njia ya wazi. Anajua pia kuwa watakapokwisha hapatakuwa na wengine.

Safari ndefu na ushindi wa hadithi

Baada ya hapo McMurtry aliandika juu ya miji. Terms of Endearment, ya mwaka 1975, ni riwaya ya Houston, na sinema yake ya mwaka 1983 ilipata tuzo kuu ya Oscar. Mwaka 1981 aliandika insha kali akiwakaripia waandishi wa Texas kwa kuendelea kuililia mashamba na ranchi, hali wananchi wenzao walikuwa wamekwisha kuhamia mijini. Aliwataka waitazame nchi waliyokuwa wakiishi.

Miaka minne baadaye, mwaka 1985, mkaripiaji huyo huyo akatoa Lonesome Dove, riwaya ya kurasa zaidi ya mia nane juu ya kuwaswaga ng'ombe kutoka mpaka wa Meksiko hadi Montana, karibu na mpaka wa Kanada. Mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Pulitzer. Je, alijipinga? Nadhani hapana. Alikuwa amelizunguka jambo moja kwa robo karne, na sasa alilifikia. Wazazi wake walikuwa wamemlea katika kivuli cha safari ambayo hata baba yake hakuiona. Hapakuwa na njia ya kumalizana na kivuli hicho ila kuifuata safari yenyewe mwanzo hadi mwisho.

Wakuu wa riwaya hiyo ni wazee wawili waliokuwa askari wa mpakani, Augustus McCrae na Woodrow Call. Mmoja ni msemaji na mpenda raha, mwingine ni bubu wa moyo asiyejua kitu ila kazi. McMurtry mwenyewe alikiri kuwa nyuma yao wamesimama Don Quixote na Sancho Panza. Safari yao haina sababu ya maana. Kijana mmoja anakufa kwa kuumwa na nyoka mtoni mwanzoni tu mwa mwendo. Rafiki wa zamani ananyongwa na marafiki zake mwenyewe kwa kufuatana na wauaji. Deets, mtu mweusi, kiongozi wa njia na mwenye utu kuliko wote, anauawa kwa mkosi na kijana wa kienyeji mwenye njaa na hofu. Na Call ana mwana katika kundi lile lile, lakini hawezi kutamka neno la kumkubali. Mfugaji anayeweza kuwaongoza ng'ombe elfu kadhaa hawezi kumwita mwanawe kwa jina la ukoo.

Sehemu ya mambo hayo ina asili ya kweli. Mfugaji Oliver Loving alikufa kwa majeraha mwaka 1867, na mwenzake Charles Goodnight akahakikisha kuwa mwili wake unarudishwa Texas. Call naye anaubeba mwili wa Augustus kutoka Montana hadi Texas. Nyuma ya Deets yuko Bose Ikard, aliyezaliwa mtumwa, akawa mtu wa kuaminiwa sana na Goodnight katika safari za ng'ombe, na ambaye alipokufa mwaka 1929 Goodnight alimwekea jiwe la kumbukumbu. Kwa njia hiyo riwaya ya McMurtry ilimrudishia mtu mweusi nafasi ambayo sinema zilikuwa zimemnyima, ingawa yafaa kusema pia kwamba Deets ni mwema kiasi cha kukosa hasira, na mtu asiye na hasira kabisa ni pungufu ya mtu.

Mwandishi alidhani ameandika kitabu cha kuivunja ile hadithi ya fahari. Wasomaji waliipokea kuwa hadithi ya fahari kupita zote. Waliwaonea shauku wachunga ng'ombe wale, na mchezo wa televisheni wa mwaka 1989 ukaizidisha shauku hiyo. McMurtry alieleza baadaye kwamba alikusudia kitu kama jehanamu ya watu maskini, na badala yake akawa amewapa watu ndoto. Pengine sababu ilikuwa katika damu yake. Akili yake iliwahukumu wazee wa ranchi, lakini sikio lake liliwapenda, na katika riwaya sikio hushinda akili.

Mchungaji wa maneno na vitabu

Mwaka 1980, akiwa amekaa katika mgahawa wa Dairy Queen mjini Archer City, McMurtry alisoma insha ya Mjerumani Walter Benjamin juu ya msimulizi wa hadithi. Insha hiyo ilitoka mwaka 1936, mwaka ule ule aliozaliwa yeye. Benjamin alieleza kuwa sanaa ya kusimulia inakufa kwa sababu watu wamepoteza uwezo wa kupeana yale waliyoyapitia, na kwamba zamani msimulizi alikuwa ama mkulima aliyekaa kwao ama baharia aliyetoka mbali. McMurtry alitazama pande zote za mgahawa ule akajiuliza kama katika nchi yake, iliyokaliwa kwa muda mfupi na watu waliochoka kwa kazi, sanaa hiyo iliwahi kukomaa hata kidogo. Kutokana na fikra hizo kilitoka kitabu chake cha mwaka 1999, ambamo anaupima urithi wa baba yake, aliyekufa mwaka 1977, na urithi wake mwenyewe.

Upande mwingine wa maisha yake ulikuwa biashara ya vitabu vya zamani. Mwaka 1971 alifungua na mwenzake duka liitwalo Booked Up mjini Washington. Baadaye aliyahamishia mali hayo Archer City, akayajaza majengo kadhaa ya mji ule vitabu zaidi ya laki nne. Mtu aliyelelewa katika nyumba isiyo na kitabu aliufanya mji usio na vitabu kuwa ghala ya vitabu. Yeye mwenyewe aliandika kuwa hiyo ilikuwa namna yake ya ufugaji: jamaa yake walichunga ng'ombe, yeye alichunga vitabu, na hata kuandika kwake kulikuwa kuyaswaga maneno yaingie katika makundi madogo ya aya.

Hata desturi ya kazi aliitoa zizini. Kila siku, asubuhi, aliketi mbele ya taipureta akaandika kurasa tano, na miaka ya baadaye kumi, awe na hamu au asiwe nayo. Mfugaji haulizi kama leo ana moyo wa kunywesha mifugo. Kwa utaratibu huo aliandika riwaya karibu thelathini, mbali na insha na miswada ya sinema, na mwaka 2006 alipata Oscar pamoja na mwenzake Diana Ossana. Baada ya kupasuliwa moyo mwaka 1991 alipotewa kwa muda na hamu ya kusoma, akajiona kama mtu mwingine anayetembea na jina lake, lakini kazi ya asubuhi haikukatika.

Mwezi Agosti, 2012, aliuza kwa mnada vitabu kama laki tatu. Hakutaka kuwaachia warithi wake mzigo wasioweza kuubeba. Ni wazi kwamba aliyakumbuka madeni ya baba yake. Alikufa tarehe 25 Machi, 2021, akiwa na umri wa miaka 84.

Hitimisho

Turudi sasa kwenye methali tuliyoanza nayo. Larry McMurtry hakukua kama alivyolelewa, kwani hakuwa mfugaji. Lakini saa ya kuamka, uvumilivu, lugha kavu, shaka juu ya maneno ya fahari, na hata namna ya kuyakusanya na kuyauza makundi yake, vyote vilitoka ranchini. Malezi hayakupotea bali yalibadili kazi.

Na kwa upande wa wafugaji wenyewe, nani aliwahifadhi? Ami zake waliowahi kumwona kuwa mrithi aliyepotea wanajulikana leo kwa sababu yake. Hawakuhifadhiwa kwa sifa. Walihifadhiwa pamoja na madeni yao, ukali wao na ukimya wao, na ndiyo maana tunawaamini. Yafaa waandishi wetu walizingatie jambo hilo. Tukiwaandikia wazazi wetu sifa tupu, tutakuwa tumewachonga vinyago. Tukiwaandikia lawama tupu, tutakuwa tumewazika mara mbili. Kazi iliyo ngumu ni kuwapenda na kuwasema kweli kwa pumzi moja.

Laiti ningekuwa na maneno haya siku ile, ningemwambia mzee yule wa wilayani kwamba mwanawe hajapotea bado, kama tu atakumbuka aliyoyasikia barazani. Sikuwa nayo. Namwandikia sasa ubeti mmoja badala yake:

Mtoto wa mfugaji, tandiko kalitundika,
Hakuirithi mitaji, kalamu akaishika,
Kawa wao mtungaji, wa siku zilotoweka,
Ng'ombe wakimalizika, hadithi hubaki nyuma.